Juu ya Moja, Chini ya Moja

Makorora, umeme umekatika tangu alasiri.
Kichupa cha insulini kimelala ndani ya mtungi,
kimefungwa kwenye nailoni, juu ya mchanga uliolowa,
na mama, Semeni binti Bukuru,
miaka ishirini na sita kiwanda cha kamba,
anakitoa, anakikausha kwa pindo la kanga,
anauliza swali alilolifuga tangu nirudi chuoni:
“Hii si ya nguruwe?”

Si ya nguruwe, mama. Zamani, ndiyo,
walikamua kongosho la nguruwe, na la ng'ombe.
Siku hizi wanachukua jeni moja ya binadamu,
ile inayoamuru *tengeneza insulini*,
wanaiunga ndani ya bakteria.

“Wanaiunga vipi? Kwa gundi?”

Hapo vitabu vyangu vikanikimbia.
Nikaleta kamba ya kuanikia,
ile iliyokatika juzi kwa uzito wa mablanketi,
nikaanza kupiga fundo.
Akaninyang'anya.

“Fundo ni uvivu. Fundo linakwama kwenye kapi.”
Akafumua ncha tatu huku, ncha tatu kule,
akazikutanisha kama vidole vya mikono miwili,
juu ya moja, chini ya moja,
juu ya moja, chini ya moja,
akivuta kwa meno, bila taa,
na harufu ya mkonge ikarudi nyumbani
kama mtu aliyesahau kitu.

Basi ni hivyo hivyo, nikasema.
Kuna mkasi usioonekana, kimeng'enya.
Haukati ovyo. Unatambaa juu ya uzi wa vinasaba
mpaka usome herufi sita unazozijua,
ndipo ukate, tena kwa kupishanisha,
uache ncha zikining'inia, zikitafuta wenzi.
Ncha ya mtu na ncha ya bakteria,
zikikatwa na mkasi mmoja, zinajuana.
Kimeng'enya kingine kinapita nyuma, kinaziba.
Bakteria ana kipete chake kidogo;
kimefunguliwa, kimepokea, kimefungwa.
Akizaa, wanawe wanazaliwa na kazi hiyo hiyo.

“Anajua anamfanyia nani?”
Hajui.
“Analipwa?”
Analishwa sukari, mama.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
“Sukari! Yeye ale, mimi nikatazwe!”

Kisha akanyamaza, mkono juu ya kamba.

“Huyo ni manamba.”

Babu Bukuru alitoka Kasulu, treni kisha lori,
akavishwa nambari 2417,
akaingizwa katikati ya mistari ya mkonge Ngomeni,
akakata majani, akafunga mafungu,
mwiba ukamla jicho la kushoto.
Kiha chake kilibaki maneno manne.
Mama anayo bado, huyahesabu kama akiba:
la maji, la usiku, la kumwita mtoto,
na moja ambalo maana yake imepotea
lakini hulitamka vizuri kuliko yote.

“Na wakishamaliza kazi,
hao bakteria, wanawafanyaje?”

Nilitaka kudanganya.
Wanapasuliwa, mama. Dawa imo ndani yao.
Wanapasuliwa, inachujwa, inasafishwa
mpaka kisibaki chochote chao.

Mbwa alibweka upande wa soko.
Mama alivuta dawa kwenye bomba la sindano,
akaliinua kwenye mwanga wa simu yangu,
akagongagonga povu kwa ukucha,
akafinya nyama ya paja.
“Bismillahi,” akasema.
Halafu, akichoma, “Pole.”
Sikumuuliza alikuwa akimpa nani.

Asubuhi kamba ilikuwa uani, imebeba mashuka manne
na koti langu jeupe la maabara.
Nilikitafuta kiungo kwa kidole, macho nimefumba.
Kipo. Hapo kamba ni nene kidogo,
kama koo la mtu anayemeza.